Mgonjwa Anapoombwa Kuingia Katika Majaribio ya Dawa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Miezi mitatu iliyopita, usiku baada ya swala ya Isha, tulipigiwa simu na mama mmoja wa hapa Malindi, msomaji wa safu hii tangu siku nyingi. Mumewe anafanya kazi katika nchi moja ya Ghuba. Siku mbili kabla ya hapo alishikwa na maumivu makali ya tumbo, juu ya kitovu, yakampenya hadi mgongoni, akawa atapika asiweze kubakisha tumboni hata maji. Wenzake wakamkimbiza hospitali, na huko wakaambiwa kwamba kongosho lake limevimba ghafla. Asubuhi yake madaktari wakamjia na karatasi. Wakamweleza kwamba iko dawa mpya ya kudungwa mshipani ambayo bado inajaribiwa kwa wenye maradhi kama yake, wakamwuliza kama ataridhia kuwa miongoni mwao. Akampigia mkewe, naye mkewe akatupigia sisi.

"Sheikh," alituuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "je, ni halali mume wangu kujaribiwa kama panya? Na akikataa, si atakuwa amekataa dawa? Niambie nimjibu nini, yeye anangoja."

Mama huyo ametupa ruhusa tulieleze jambo lake bila ya kutaja jina. Tumeona tulieleze kwa urefu, kwa kuwa swali lake si lake peke yake. Sisi watu wa pwani hii, kutoka Mtwapa na Takaungu hadi Malindi na Mambrui, tumeishi karibu na utafiti wa tiba kwa zaidi ya miaka 30. Kituo cha utafiti cha KEMRI pamoja na Wellcome Trust kipo Kilifi tangu mwaka 1989, kando ya hospitali ya Kilifi. Nyumba chache sana katika kata zetu ambazo hazijawahi kubishiwa hodi na mtu mwenye daftari akiuliza nani amezaliwa na nani amefariki. Kwa hiyo yatupasa tulijue jambo hili kwa elimu, wala si kwa uvumi.

Tuanze na maradhi yenyewe. Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, ikielekea mgongoni. Kazi yake ni mbili: kutoa insulini inayoongoza sukari ya damu, na kutengeneza maji makali ya kumeng'enya chakula. Maji hayo kwa kawaida hayaanzi kazi mpaka yafike utumbo mdogo. Katika maradhi haya huanza kazi mapema, yangali ndani ya kongosho, yakaanza kuila tezi iliyoyatengeneza. Mfano wake ni makaa. Pahala pake pa kuwashwa ni jikoni, lakini yakishika moto yangali ndani ya gunia, huteketea gunia na nyumba yaweza kufuata. Wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya siku chache. Lakini baadhi yao moto huo huenea, ukafika mapafuni na kwenye figo, na hapo huwa ni maradhi ya kuua.

Mama yule alitunong'oneza jambo jingine. Jirani mmoja aliposikia jina la maradhi, alisema: "Aa, huo si ugonjwa wa walevi?" Twaomba radhi kwa msomaji, lakini maneno haya hayana budi kujibiwa. Ni kweli kwamba pombe ni mojawapo ya sababu kubwa za maradhi haya. Lakini sababu nyingine kubwa, ambayo katika nchi nyingi ndiyo ya kwanza, ni vijiwe vya nyongo: kijiwe hutoka katika mfuko wa nyongo, kikaziba njia ambayo kongosho nalo hutumia. Mafuta yanapozidi sana katika damu nayo ni sababu, na ziko dawa zinazoweza kuyaleta. Tena vijiwe vya nyongo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hasa waliozaa. Basi anayemdhania vibaya mgonjwa wa kongosho, huenda kesho akamkuta mamake mzazi katika kitanda hicho hicho. Dhana mbaya ni dhambi hata pale inapotokea kuwa kweli. Je, inapokuwa si kweli?

Tukirudi kwenye tiba, hapa ndipo lilipo shina la swali. Mpaka tunapoandika haya, hakuna dawa iliyothibitika kuuzima moto huo wa kongosho. Madaktari humpa mgonjwa maji ya mshipani, humtuliza maumivu, humrudishia chakula mapema kadiri awezavyo, humchunga mapafu na figo, na ikiwa sababu ni vijiwe, huviondoa. Haya yote ni kuusaidia mwili usimame mpaka moto uzimike wenyewe. Ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa. Mojawapo ya zilizokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa huko Marekani na kwingineko ni dawa ya mshipani iitwayo Auxora, inayokusudiwa kuzuia chumvi ya kalisi isiingie kwa wingi ndani ya chembe hai za kongosho na za kinga ya mwili. Je, yafaa au haifai? Hilo halijulikani kwa kuitazama dawa wala kwa kumsikiliza aliyeitengeneza. Hujulikana kwa kuwapa baadhi ya wagonjwa, kuwaacha wengine na tiba ya kawaida, na kuhesabu kwa uaminifu.

Hapa, ndugu zetu, hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe kabla ya kumnasihi mtu.

Yapata mwaka 2008, baba mmoja mvuvi alitujia madrasani mchana, kanzu imelowa jasho. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amelazwa kwa malaria kali, hajitambui. Waliomwuguza walikuwa wamemwuliza kama ataridhia mtoto aingie katika utafiti wa sindano. Siku zile mitaani palikuwa na uvumi mwingi: kwamba damu ya watoto inachukuliwa ikauzwe, kwamba nyuma ya utafiti yapo mambo ya kishetani. Nasi, badala ya kuuliza ni dawa gani, inalinganishwa na ipi, na nani aliyeipitisha, tulimwambia neno moja tu: "Usitie saini." Akatutii. Mtoto akatibiwa kwa dawa ya kawaida, na akapona, alhamdulillah. Hadi leo, kila Idi, baba yule hutuletea changu wawili watatu, akatushukuru mbele za watu kwa kumwokoa mwanawe.

Shukrani hiyo twaipokea kwa aibu, na sababu yake ni hii. Kati ya Oktoba 2005 na Julai 2010 ulifanywa utafiti mkubwa juu ya malaria kali ya watoto katika nchi 9 za Afrika, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Watoto 5,425 waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa kwinini, dawa iliyotumika kwa muda mrefu kuliko umri wa babu zetu, na nusu wakapewa sindano ya atesuneti, inayotokana na mmea wa Kichina. Waliopewa kwinini walifariki watoto 297. Waliopewa atesuneti walifariki 230. Kwa hesabu nyepesi, katika kila watoto 1,000 wa kwinini walifariki 109, na katika kila 1,000 wa atesuneti walifariki 85. Tofauti ni watoto 24, darasa zima la madrasa yetu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba watoto wa malaria kali watibiwe kwa atesuneti, na leo ndiyo sindano wanayodungwa watoto wetu. Kila mzazi ambaye mwanawe ameokoka kwa sindano hiyo ana deni kwa wazazi wale waliotia saini.

Hatusemi kwamba utafiti alioombwa baba yule ulikuwa ndio huo. Hatukuuliza, na huko kutouliza ndiko kosa. Tulitoa fatwa juu ya roho ya mtoto bila ya kujua hata jina la dawa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa elimu ya utabibu ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Sisi hatukumdunga mtoto sindano, lakini je, anayezuia tiba bila ya elimu hayumo? Twamwomba Mola atusamehe.

Lakini msomaji asije akadhani twasema kwamba kila kipya ni bora. Ngojeni tuwasimulie habari ya pili, ya hapa hapa kwetu.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliwafundisha madaktari kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu haizunguki vyema, viganja baridi na moyo unakwenda mbio, atiliwe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Ilionekana ni jambo la akili. Nani asiyejua kwamba maji ni uhai? Lakini hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo katika hospitali zetu za Afrika, ambako mara nyingi hakuna mashine ya kupumulia. Tangu mwaka 2009, chini ya uongozi wa Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, ulifanywa utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Wengine walitiliwa maji kwa haraka, ama ya chumvi ama yenye albumini. Wengine wakapewa maji ya kujikimu taratibu pamoja na tiba nyingine zote. Ilikusudiwa wafike watoto 3,600. Mnamo Januari 2011, walipokuwa wamefika 3,141, kamati huru ya kuchunga usalama iliamuru utafiti usimamishwe. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 1,000 waliotiliwa maji ya haraka walifariki kama 105. Kati ya kila 1,000 ambao hawakutiliwa walifariki 73.

Tazameni ajabu hii. Katika utafiti wa kwanza dawa iliyozoeleka ndiyo iliyoshindwa na mpya ikashinda. Katika wa pili, tiba iliyosifiwa vitabuni na kuhimizwa vyuoni ndiyo iliyodhuru. Si sheikh aliyejua kabla, si daktari, si mzazi. Lau watu hawangepima, watoto wangaliendelea kupewa kwa upendo kile kinachowaua. Hapa tuweke tahadhari ili tusifahamike vibaya: watoto wa kuharisha na kutapika waliokaukiwa na maji hawakuwamo katika utafiti ule. Mtoto anayeharisha anywe maji yenye chumvi na sukari ya kipimo, na apelekwe zahanati upesi. Asinyimwe maji kwa sababu ya habari hii.

Habari hii nayo ilikuja kugusana na maradhi ya mume wa mama yetu. Wagonjwa wa kongosho nao walizoea kutiliwa maji mengi sana ya mshipani, na madaktari waliamini hivyo kwa nia njema. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Hispania, Italia, Meksiko na India kwa wagonjwa 249. Waliotiliwa maji mengi walizidiwa na maji mwilini 20.5 kwa kila 100, na waliotiliwa kwa kiasi 6.3 kwa kila 100, wala yale maji mengi hayakuwaondolea ukali wa maradhi. Utafiti huo nao ulikatishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara hayo. Basi hata dripu ya maji ya chumvi, ambayo kila mtu huiona haina neno, ilihitaji kupimwa.

Sasa tuje kwenye sheria yetu. Wanavyuoni wametaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kutafuta dawa kumo katika kulinda nafsi, na Mtume (S.A.W.) aliwahimiza Maswahaba wajitibu. Wala kuipima dawa si uzushi wa Wazungu. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika kwamba aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa na kuwaacha wengine kwa makusudi, apate kulinganisha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake Al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa: iwe safi isiyochanganyika, matokeo yake yaonekane kila mara na si mara moja tu, na mwisho ijaribiwe kwa mwanadamu mwenyewe, kwa kuwa yanayotokea kwa farasi au simba huenda yasitokee kwa mtu. Hawa ni watu wetu. Elimu hii ilitoka katika nyumba yetu, na haifai sisi kuikimbia inaporudi kutubishia hodi.

Mama yule aliuliza pia juu ya kura. Mumewe alikuwa ameambiwa kwamba hakuna atakayemchagulia. Kura ndiyo itakayoamua kama atapata dawa au maji matupu yanayofanana nayo, na hata daktari wake hatajua. "Sheikh, hii si kamari?" Tulimjibu kwamba kamari ni kula mali ya mtu kwa bahati. Kura si hivyo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwapigia kura wakeze anapotaka kusafiri, asipendelee yeyote. Waliogombea kumlea Bibi Maryam waliamua kwa kura, na Nabii Yunus naye alipigiwa kura chomboni. Kura ni njia ya haki pale ambapo haki imelingana na ujuzi haupo. Daktari akichagua mwenyewe, ataipa dawa mpya kwa wagonjwa wenye nafuu au kwa wale awapendao, na hesabu itaharibika. Sharti ni moja: pawe na shaka ya kweli. Ikiwa imekwisha kujulikana kwamba dawa yafaa, kumnyima mtu kwa kura ni dhuluma. Na anayepata maji matupu ni lazima aendelee kupata tiba yote ya kawaida, isipungue hata chembe.

Basi tulimjibu nini mama yule? Tulimwambia kwamba hatutasema "kubali" wala "kataa", maana mgonjwa ana akili timamu, na mwili ni amana yake. Tukampa maswali manne amfikishie mumewe, nasi twayaandika hapa ili kila nyumba iyahifadhi.

La kwanza: nikikataa, nitatibiwa vipi? Jibu sahihi ni kwamba atatibiwa kama kawaida bila ya chuki wala kucheleweshwa. Akiambiwa kwamba asipotia saini hatatibiwa, hiyo si ridhaa, ni kulazimishwa, na aliyelazimishwa hana ahadi.

La pili: nani ameupitisha utafiti huu? Hapa Kenya kila jaribio la dawa hutakiwa lipitishwe na kamati ya maadili na kuidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Karatasi ya ridhaa huwa na jina la kamati na namba ya simu ya kulalamikia. Karatasi isiyokuwa na hayo isitiwe saini.

La tatu: ni madhara gani yanayojulikana mpaka sasa, nani atanitibu yakinipata, na naweza kujitoa lini? Mgonjwa ana haki ya kujitoa saa yoyote, bila ya kutoa sababu.

La nne: damu kiasi gani itachukuliwa, itapelekwa wapi, na itahifadhiwa kwa kazi gani? Uvumi wa damu ulienea kwetu kwa sababu mara nyingi swali hili liliulizwa barazani na si mbele ya anayejua jibu. Swali likiulizwa mahali pake, uvumi hukosa pa kukaa.

Na maelezo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaota kwayo. Karatasi ya Kiingereza iliyotiwa kidole gumba na mtu asiyeijua si ridhaa mbele ya Mwenyezi Mungu, hata kama mahakama itaikubali.

Yako mengine mawili ya kwetu sisi. Moja ni juu ya kilichomo ndani ya dawa. Baadhi ya wagonjwa wa kongosho, wakishapona, huhitaji vidonge vya vimeng'enya ili chakula kisagike, na vidonge hivyo aghalabu hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Muulizeni daktari kwa uwazi kama kipo kingine. Kikikosekana, na daktari mwaminifu akathibitisha kwamba bila ya hicho mgonjwa atadhurika, basi milango ya dharura iko wazi katika fiqhi. Msiache dawa kimya kimya mkadhoofika. Waulizeni wanavyuoni wenu.

La pili ni la akina mama, nalo ndilo linalotukera zaidi. Mara nyingi mtoto hufikishwa hospitali akiwa na degedege, daktari anahitaji idhini ya kuongeza damu au kufanya jambo la haraka, na mama akasema, "Ngojeni kwanza nimpigie babake." Baba yuko baharini, au Mombasa, au Ghuba, simu haipatikani. Kushauriana ni jambo jema, na baba ni walii. Lakini ruhusa ya kuokoa roho haingoji mtandao wa simu. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 jukumu la mtoto liko kwa baba na mama kwa usawa, na kwa sheria yetu dharura ina hukumu yake. Enyi waume, waambieni wake zenu leo, mkiwa mezani na watoto wazima: "Mtoto akizidiwa, amua, mimi niko nyuma yako." Maneno hayo hayagharimu kitu, lakini kukosekana kwake kumegharimu.

Hata hivyo, utafiti ni kitu kingine na matibabu ya dharura ni kitu kingine. Katika utafiti ule wa FEAST, kwa kuwa mtoto hakuweza kungoja, mzazi aliombwa kwanza kauli ya mdomo, kisha alipotulia akasomewa maelezo kamili na kuombwa saini. Wapo wanaoona ni huruma, kwa kuwa mama mwenye mtoto mahututi hawezi kusoma kurasa nne. Wapo wanaoona ni hatari, kwa kuwa mama huyo huyo hawezi kukataa chochote. Sisi twaona pande zote mbili zina haki, na ndiyo sababu twapenda mambo haya yazungumzwe misikitini, madrasani na katika vikao vya akina mama kabla ya mtoto kuugua. Kituo cha Kilifi kina wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini. Waiteni. Waulizeni maswali magumu. Na akina mama wa Kiislamu wasiache kuchaguliwa, maana wao ndio wanaokesha wodini.

Kabla hatujamaliza, tukumbushe jambo la mwili. Maumivu makali ya tumbo juu ya kitovu, yanayopenya mgongoni na kuambatana na kutapika, si ya kungoja nyumbani wala ya kuyaita "vidonda vya tumbo" kwa siku tatu. Mgonjwa afikishwe hospitali ya Malindi au ya Kilifi siku ile ile. Dua isomwe, na kombe liandikwe kwa anayelitaka, lakini asinyweshwe kitu mtu anayetapika, wala gari lisingojeshwe kwa ajili ya kombe.

Ama mume wa mama yetu, aliyauliza maswali yote manne. Maswali mawili ya kwanza alijibiwa mara moja. Kwa yale ya madhara na ya damu aliomba aelezwe tena kwa Kiswahili, akatafutwa mfanyakazi mwenzake wa Mombasa akamfasiria. Kisha akatia saini. Alilazwa siku 16, kukaonekana vijiwe katika mfuko wa nyongo, na mwezi uliopita alirudi Malindi amekonda lakini anatembea. Alikuja msikitini Ijumaa, tukakumbatiana.

Mkewe alitupigia tena. "Sheikh, sasa ni dawa iliyomponya au ni maji matupu? Mpaka leo hawajatuambia." Tulimweleza kwamba hata hao hawajui, na hawatajua mpaka mgonjwa wa mwisho ahesabiwe na siri ya kura ifunguliwe. Huenda ikawa dawa haifai, na wao watakuwa wamesaidia kuwaepusha wengine nayo. Mponyaji tunamjua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi na mimi nitangoja matokeo, kama ninavyongoja ya mtihani wa mtoto."

Nasi twangoja pamoja naye. Baba yule mvuvi naye tumekwisha kumtumia salamu. Idi ijayo akija na samaki wake, tutamketisha tumweleze yote haya, na mwanawe, ambaye sasa ni kijana, awepo asikie.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape elimu na uaminifu wanaowatibu, na utujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.